Upepo wa Kurudi: Nasaha kwa Warushaji wa Droni wa Muyinga na Gitega

Aghalabu ya vijana wanaonijia hapa Muyinga kuniuliza habari za kurusha droni huanza na swali moja, nalo ni kama upepo wa siku hiyo chombo kitauweza. Na mimi, kila niulizwapo hivyo, hukumbuka ya kuwa manahodha wa majahazi katika pwani ya Waswahili, ambao walivuka bahari na kurudi kwa karne nyingi bila ya betri wala setelaiti, hawakuwa wakiuliza hivyo. Wao waliuliza upepo unatoka wapi, utageuka lini, na wakishakwenda watarudi na upepo gani. Kaskazi iliwaleta kutoka Arabuni, kusi ikawarudisha; na aliyechelewa hata msimu ukampita alikaa ugenini miezi mingi akingoja. Droni ya kamera ni chombo kidogo mno, nyingine haifiki uzito wa robo kilo ya sukari, na safari yake ni ya dakika, si ya miezi; lakini kanuni inayoitawala ni ile ile, na nasaha zote nitakazozitoa hapa ni matawi ya shina hilo moja, kwamba upepo hupimwa kwa kurudi, haupimwi kwa kwenda.

Sisi wakazi wa nchi hii ya vilima tuna sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Mji wa Muyinga umekaa juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, nao uko karibu na upande wa mashariki mwa Burundi, njia ya Kobero na mpaka wa Tanzania, ambako ndiko utokako upepo wetu wa kiangazi. Kuanzia Juni hata kuingia Septemba, majira ambayo Warundi huyaita ici, mvua hukatika, udongo mwekundu hugeuka kuwa unga, na upepo wa kusini-mashariki huja kila alasiri. Nao ni ndugu wa kusi ya pwani, ila huku haupati tanga la kujaza, basi hujaza macho yetu vumbi. Majira hayo hayo, kwa kuwa hakuna mvua ya kuharibu sherehe, na kwa kuwa ndugu walio ng'ambo hupata likizo za kuja nyumbani, ndiyo majira ya arusi. Na arusi za siku hizi, zisipokuwa na picha ya kutoka juu ikionyesha maarusi wakitoka msikitini au kanisani na msafara wa magari ukiteremka kilima, watu huzihesabu kuwa zimepungukiwa. Hivyo kazi ya droni imekuwa nyingi katika miezi ile ile ambayo upepo ni mwingi, na saa ya kazi hiyo, ambayo ni alasiri, ndiyo saa ambayo upepo una nguvu kupita saa zote. Mtu angekaa akakusudia kupanga mambo ili droni zivunjike, sidhani kama angepata mpango bora kuliko huu.

Droni yangu ya kwanza niliipoteza kwa njia hiyo, nami sioni haya kusimulia, kwa kuwa aibu iliyokwisha kulipiwa ni mali ya mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa Agosti, arusi ya watu ninaowaheshimu, nyumba yao iko ukingoni mwa kilima nje kidogo ya mji, na bonde liko upande wa magharibi. Baba wa bwana arusi alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nataka bonde lote lionekane, hata barabara." Mimi, kwa ghururi ya mwanagenzi, nilikirusha chombo kuelekea magharibi, upepo ukiwa mgongoni mwake, nacho kikaenda kama kilichoitwa kwao, nikafurahi, nikadhani mbio zile ni zake. Nilipokigeuza, namba za umbali katika kioo cha simu, zilizokuwa zikipanda mbio, zikawa zinashuka moja moja kama mzee anayevuta tasbihi. Hofu ikaniingia, nikabonyeza amri ya kurudi nyumbani, nikiamini kwamba aliyekitengeneza ana akili kuliko mimi. Nacho, kwa utiifu, kwanza kikapanda mpaka kimo nilichokuwa nimekiwekea asubuhi bila ya kufikiri, na huko juu upepo ulikuwa mkali zaidi, namba zikaacha kushuka, zikaanza kupanda tena. Betri ilipokaribia kwisha kilijitua chenyewe. Nilikipata siku ya pili katika bonde la mbele, katika shamba la maharage ya kiangazi yale yapandwayo penye unyevu, kimefunikwa kwa ndoo na bibi mmoja aliyekiona kikishuka akakistiri ili watoto wasikichezee. Naye hakutaka ujira, ila apigwe picha pamoja na wajukuu wake. Mkono mmoja ulikuwa umekatika. Katika kadi ya kumbukumbu bonde lilionekana lote, na barabara pia, kwa muda usiotimia dakika. Muda uliosalia wote ulionyesha mkaratusi mmoja, haukaribii wala haukimbii.

Tufanye hesabu, maana jambo hili watu hulisikia kwa sikio wasilione kwa jicho mpaka lipigiwe hesabu. Chukua chombo ambacho katika hewa tulivu huenda mita 10 kwa sekunde, na upepo wa mita 7 kwa sekunde. Upepo ukiwa nyuma yake, juu ya ardhi kitakwenda mita 17 kwa sekunde, na mita 600 kitazimaliza kwa sekunde 35. Kikigeuka, zile 7 zilizokuwa zikiongezwa sasa zitatolewa. Zitabaki mita 3 kwa sekunde, na njia ile ile itachukua sekunde 200, yaani dakika 3 na theluthi. Katika shwari, kwenda na kurudi kungekuwa dakika 2 tu, kwa hiyo utaona kwamba upepo haulipi kwa wema wake wa kwenda deni la ubaya wake wa kurudi. Lakini lililo zito ni hili: upepo ukizidi kidogo ukafika mita 9 kwa sekunde, tofauti ambayo shavu la mtu ni nadra kuitambua, mbio za kurudi huwa mita 1 kwa sekunde, na zile mita 600 huchukua dakika 10. Ukifika 10, safari haina mwisho. Hatari hii basi haipandi hatua kwa hatua kama ngazi. Ni kama kutembea kwenye uwanja wenye ukingo, ambako hatua nyingi ni salama, na moja si salama hata kidogo.

Sharti la kwanza, nalo nalitanguliza juu ya yote, ni kuanza safari kwa kuelekea kule utokako upepo, yaani kwenda na upepo wa omo, kama wasemavyo wenye majahazi. Chombo kikianza kwa kupambana, betri ikiwa mbichi na akili ya mrushaji ikiwa tulivu, utajua mapema kama kina nguvu ya siku hiyo. Na kikichoka, upepo ule ule uliokuwa ukikizuia hukirudisha mikononi mwako. Kama mandhari inayotakiwa iko upande uendako upepo, usikipeleke chombo, jipeleke wewe: panda pikipiki, zunguka bonde, simama ng'ambo, ukirushe kutoka huko kije juu kikikutana na upepo kwa uso. Ni adha, na wenye arusi watashangaa mpiga picha amekwenda wapi, lakini laiti ningalifanya hivyo siku ile bibi yule angeitumia ndoo yake kwa maji. Na betri igawe mafungu matatu, moja la kwenda, moja la kurudi, na la tatu si lako, ni la upepo. Ukiligusa fungu hilo kwa ajili ya picha moja zaidi umekopa kwa mtu asiyesamehe.

Kabla ya kukituma popote, kiinue mita 3 kutoka chini, uachie vijiti vya rimoti, ukitazame dakika nzima. Droni za leo husimama mahali pamoja kwa msaada wa setelaiti, na katika upepo husimama kwa kuinama kuuelekea. Kuinama huko ndiko mizani yako. Kikiinama kidogo kama mtu anayeamkia wakubwa, hapana neno. Kikiinama kama mtu anayesukuma mkokoteni kilimani, kishushe, uzungumze na wenye shughuli habari za siku nyingine. Kikishinda mtihani wa mita 3, kipe wa mita 30, kisha wa 60, kila mara ukiachia vijiti na kutazama, kwa kuwa upepo wa chini na upepo wa juu ni wageni wawili tofauti katika nyumba moja. Hata juu ya nchi tambarare isiyo na vizuizi, upepo unaokugusa uso kwa mita 4 kwa sekunde yamkini ni wa mita 7 pale juu kwenye kimo cha mita 100. Na msukumo wake haukui kwa kadiri ya mbio zake tu, hukua kwa mraba wake, hata upepo uliozidishwa mara mbili husukuma mara nne. Huku kwetu, ambako nchi si tambarare, mambo ni magumu zaidi, nami nitayafikia.

Kuupima upepo kwa macho ni elimu ya zamani. Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, mwaka 1805 alipanga daraja za upepo kwa kuangalia matanga ya manowari, na waliokuja baada yake wakaongeza alama za nchi kavu; nami nimezihamishia kwenye vitu vya Muyinga, ili mtu asiye na kipimo cha mkononi asikose kipimo. Moshi wa tanuri za matofali ukilala kwa uvivu, na upepo ukausikia usoni tu, upepo huo hauzidi mita 3 kwa sekunde, na mwanagenzi anaweza kujifunza bila ya hofu. Majani ya mikaratusi na vijiti vyake vidogo vikiwa havitulii hata mara moja, upepo umefika mita 4 au 5, na hapo arushe anayejua anachofanya. Vumbi la uwanja wa mpira na karatasi za sokoni zikianza kuinuka, umo baina ya mita 5 na nusu na karibu 8. Hapo nenda karibu, nenda chini, na muda mfupi. Mikaratusi michanga ikiyumba mti mzima, umepita 8, na mahali pa droni ni ndani ya mkoba. Mgomba siuamini sana, kwa sababu jani lake hupapatika kwa upepo mdogo, na lililokwisha kuchanika hupiga kelele kuliko haki yake.

Msomaji atasema kwamba mtengenezaji ameandika namba kwenye karatasi, na ni kweli. Ile Mavic Mini ya DJI ya China iliyotoka mwaka 2019, yenye gramu 249, imeandikiwa kuhimili upepo wa mita 8 kwa sekunde. Mini 2 iliyofuata mwaka 2020 imeandikiwa baina ya 8.5 na 10.5. Namba hizo si uongo, ila lazima zisomwe kama isomwavyo mizigo ya lori: lori lililoandikiwa tani 5 halikuahidi kuzipandisha tani hizo kila kilima, katika kila tope, kwa dereva yeyote. Namba ile inasema chombo kinaweza kuuzuia upepo huo kisichukuliwe, haisemi kwamba kitapata nguvu ya kusonga mbele dhidi yake. Halikadhalika zile dakika 31 za kuruka zilizotajwa kwa Mini 2 zilipimwa pasipo upepo kabisa, chombo kikienda mwendo wa pole. Kwa hesabu yangu, namba ya mtengenezaji nusu yake ndiyo yako, mpaka utakapokuwa umeharibu vitu vya kutosha kuwa na rai nyingine.

Wala msomaji asijilinganishe na droni kubwa anazozisikia. Kampuni ya Zipline, ambayo tangu Oktoba 2016 hupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga katika nchi jirani ya Rwanda, juu ya vilima vinavyofanana na vyetu, hutumia vyombo vyenye mabawa. Na visiwa vya Unguja na Pemba, vilipoanza kupigwa picha za ramani mwaka huo huo, vilipigwa kwa vyombo vya mabawa pia. Bawa hukata upepo na kubebwa nao. Chombo chetu chenye mapanga manne, ambayo wazee wa meli wangeyaita rafadha, hakibebwi na kitu. Hujibeba chenyewe kila sekunde, na kila nguvu kinayoitumia kuuzuia upepo huitoa katika ile ya kujishikilia hewani.

Sasa vilima. Watu wengi hudhani upepo juu ya vilima ni kama upepo wa mahali pengine ila una nguvu zaidi, na dhana hiyo imevunja vyombo vingi kuliko upepo wenyewe. Uufikirie upepo kuwa ni maji ya mto, na kilima kuwa ni jiwe katikati ya mto huo. Upande unaopigwa, ambao katika jahazi huitwa joshini, maji hupanda jiwe bila ya ghasia; juu ya jiwe huharakisha, kwa kuwa njia imekuwa nyembamba; na nyuma ya jiwe, upande wa demani, hugeuka, huzunguka, hushuka na kurudi yalikotoka. Hivyo ndivyo ulivyo upepo wa Muyinga. Mrushaji anayetafuta mahali pa kusimama huvutwa na nyuma ya kilima, kwa sababu pale shati lake halipepei, naye huona amepata kivuli cha upepo. Kumbe amesimama chini ya mahali pabaya kuliko pote, kwani chombo kikipanda mita 20 au 30 tu hukutana na hewa inayoteremka na kuzunguka, ambayo huweza kukikandamiza chini upesi kuliko kinavyoweza kupanda. Simama joshini, juu kidogo ya mteremko, hata kama vumbi litakusumbua. Hewa ya pale ina nguvu lakini ina adabu.

Na shingo ya baina ya vilima viwili jihadhari nayo, kwa kuwa upepo wa bonde zima hupenya hapo kama watu wanavyopenya mlango mmoja wakati wa kutoka mkutanoni. Kadhalika majengo. Nilipokwenda kuipiga picha Maktaba ya Muyinga, ile iliyojengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa na kuezekwa kwa vigae, ikakamilika mwaka 2012, nilitaka sana kupita chini sana juu ya paa ili vigae vionekane kimoja kimoja; nikaona kwamba kila nilipovuka mgongo wa paa, kutoka upande wa upepo kwenda upande wa pili, chombo kilizama ghafla kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani. Nilipokuja na asubuhi, shwari ikiwapo, nilipita nusu mita nisitikisike. Na Gishora, karibu na Gitega, kwenye ngoma za kifalme ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2014, mahali penyewe ni juu ya kilima na wapigaji hurukaruka na fimbo mikononi; ukikaa juu ya vichwa vyao katika upepo wa kilimani, hujui ni nani kati yenu atakayeanza kumpiga mwenzake. Kaa kando, upande ambao upepo ukikichukua chombo utakichukua mbali na watu.

Nimetaja asubuhi, na laiti ningelikuwa na amri, kazi yote ya droni katika miezi ya ici ingefanywa kabla ya saa nne. Usiku ardhi hupoa, hewa baridi hutiririka kuelekea mabondeni na kutulia humo, na jua linapochomoza ukungu huonekana umelala chini kama maziwa katika kibuyu, na juu yake pana utulivu ambao mchana hautarudi. Jua likipanda, miteremko huota moto, hewa huanza kupanda, upepo wa juu hushuka kuja kuchukua nafasi yake, na kufikia saa nane au tisa mambo yote yamechafuka. Hapo ndipo huzuka zile chamchela za vumbi viwanjani, ambazo huonekana ni mchezo wa watoto, nao huzikimbilia wakicheka. Kwa droni ya gramu 249 si mchezo, maana upepo wa upande mmoja wa chamchela hukinzana na wa upande wa pili, na chombo kinapoinama kuuzuia mmoja hujikuta kimejitoa kwa mwingine. Ukiiona, ondoka njiani mwake kwa upande, usijaribu kupanda juu yake. Asubuhi ina ila moja tu: baridi, ambayo hupunguza nguvu za betri. Betri basi iweke mfukoni mwa koti mpaka saa ya kuitumia, na dakika ya kwanza chombo kisimame hewani ili ipate moto.

Majira ya mvua hayana upepo wa kila siku, lakini yana hila. Wingu jeusi likiwa bado liko mbali, mbele ya mvua hutangulia upepo wa ghafla, baridi, ukitoka upande wa wingu. Nao hufika kabla ya tone la kwanza. Ukisikia harufu ya udongo uliolowa na juu yako bado kuna jua, huo si wakati wa kufurahia harufu. Shusha.

Kuhusu kukitayarisha chombo, maneno si mengi. Kimo cha amri ya kurudi nyumbani kiweke kila siku upya, kiwe juu ya miti na nguzo zilizopo njiani na si zaidi, kwa kuwa kila mita ya ziada ni zawadi kwa upepo. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila panga. Lenye jino au ufa litupwe pamoja na mwenziwe, maana panga lililomeguka kidogo huvumilika katika shwari na husaliti katika upepo. Ukumbuke pia kwamba hapa hewa ni nyepesi: katika kimo cha Muyinga imepungua kama sehemu 15 katika kila 100 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam, na Gitega, iliyo kwenye mita 1,500 hivi, haiko mbali na hapo, kwa hiyo mapanga huzunguka mbio zaidi kwa kazi ile ile, akiba ya nguvu hupungua, na anayekuambia kwamba droni yake ilihimili upepo mkali ufukweni hajakuambia kitu kuhusu yako. Usikirushe kutoka kwenye udongo mtupu. Tandika mkeka, uukandamize kwa mawe pembe zote, la sivyo utakuja kuuona mkeka hewani kabla ya droni.

Na ikiwa, baada ya nasaha zote, upepo umekupata uko mbali? Kwanza shuka. Mkono wa mwanagenzi hupenda kupandisha, kama kwamba juu ndiko kwenye usalama. La, juu ndiko kwenye upepo. Shuka mpaka mita 20 au 15 ikiwa unaona wazi kilicho chini, na mara nyingi namba za umbali zitaanza kushuka tena. Pili, tia chombo katika hali ya mbio, ambayo huongeza kasi. Katika Mini 2 hutoka mita 10 hata 16 kwa sekunde, nao huo ndio uhai, ijapokuwa betri huliwa upesi na katika droni nyingi vile vidhibiti vya kuepa vizuizi huzimwa, kwa hiyo macho yako ndiyo yatakayoona mti. Tatu, acha kurekodi na kutafuta picha. Nne, ukiona hata hivyo hakiji, usingoje betri iamue: chagua mwenyewe mahali pa kukitua, shamba tupu au uwanja, mbali na barabara na watu, kiteremshe kingali na nguvu za kutii, na upige picha ya kioo cha simu penye ramani kabla ya kuanza kutembea. Droni iliyotuliwa bondeni kwa hiari hurudi nyumbani mkobani. Mwewe nao wakikufuata, jambo lisilokosekana Gitega wala hapa, panda. Ni mahali pekee nitakapokushauri kupanda, kwa sababu ndege hao hushambulia kwa kushuka.

Mambo ya ruhusa nayapitia kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo, bali kwa kuwa hayana utata. Katika Burundi usirushe droni bila ya idhini ya wakuu wa usafiri wa anga na bila ya kuwajulisha watawala wa mahali, na idhini iwe ya maandishi, iwe mfukoni. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, una ofisi za dola na uwanja wa ndege. Muyinga ina mpaka karibu. Mrushaji ambaye chombo chake kimechukuliwa na upepo kikaangukia kambini au ng'ambo ya mpaka atapata taabu ya kueleza kwamba mkosaji ni upepo. Mita 120 ndicho kimo kinachofuatwa katika nchi nyingi, na kwa siku za upepo hata nusu yake ni nyingi. Watoto watakuja mbio, hilo ni yakini. Muweke mtu mzima mmoja kazi yake iwe watoto tu, na usikidake chombo kwa mkono wakati wa upepo, kwani upepo wa chinichini hukigeuza ghafla na mapanga hayatofautishi kidole na hewa.

Limebaki moja, nalo si la upepo. Ni ile aibu ya kusema hapana mbele ya wazee waliovaa kanzu na suti, waliokwisha kulipa, wanaokutazama. Nimeona warushaji hodari, wanaojua yote niliyoyaandika, wakirusha katika vumbi la saa tisa kwa sababu tu baba wa bibi arusi alisema, "Wenzako hurusha." Dawa niliyoipata ni kuyasema haya siku ya kupatana, kabla ya fedha kupokelewa: kwamba picha za juu zitapigwa kama upepo utaridhia, kwamba usiporidhia sehemu fulani ya malipo itarudishwa, na kwamba mwenye kuamua ni mrushaji peke yake. Tangu nilipoanza kusema hivyo hakuna aliyenikataa kazi, na wawili wamenishukuru.

Basi neno langu la mwisho ni kwa wazazi wa maarusi, hapa Muyinga na huko Gitega, ambao watafanya shughuli katika Julai na Agosti zijazo. Najua bibi arusi huamka na mapambo, na najua saa mbili asubuhi hana nafasi hata ya chai. Tupeni nusu saa hiyo hata hivyo. Mtoeni nje, asimame na mwenziwe juu ya kilima, ukungu ukiwa bado uko bondeni.